Hirakali na Mgeni Wake Mrefu

Siku ya kwanza Marit kuingia jikoni kwa Hirakali Basnet, nyati ndiye aliyekula vizuri kuliko watu wote wa nyumba ile.

Msichana alikuwa ametoka Norwe, ameletwa na shirika la watu wa kujitolea, aje awafundishe watoto wa shule yetu kunawa mikono kwa sabuni. Ana urefu wa mlango, nywele rangi ya majani makavu, na hamu ya kusaidia inayomwasha mwili mzima kama upupu. Alimkuta mwenyeji wake amechuchumaa mbele ya jiko la udongo, sufuria ya dengu inatokota kwa tangawizi. Akachukua upawa, akachota, akaonja. Akafumba macho kuonyesha kwamba ni tamu. Kisha upawa uleule uliotoka mdomoni akaurudisha sufuriani na kukoroga.

Jiko zima likanyamaza, hata dengu zenyewe zikaona haya kutokota.

Kwetu kitu kilichogusa mdomo wa mtu hakirudi kwenye chombo cha wote. Hata tango, ukishaling'ata, limekuwa makombo yako na Mungu wako. Hirakali hakupiga kelele. Aliepua sufuria, akatoka nayo nje kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka jambo, akaimimina yote kwenye hori la nyati wake wa maziwa. Akaisugua kwa majivu, akainjika dengu nyingine.

"Mama, zilikuwa mbaya?" Marit akauliza, kwa Kinepali chake cha wiki moja.

"Zilikuwa nzuri mno. Nyati amenisihi."

Aliyemwambia ukweli ni Rambha, dada wa mume wa Hirakali, ambaye ameolewa hapohapo kijijini na anaishi nyumba ya juu, mahali pazuri pa kuonea mambo ya watu. Alimkuta bombani kesho yake, mbele ya wanawake wote na ndoo zao.

"Wewe mrefu, ndiye uliyemlisha nyati dengu za wifi yangu? Na ndiye mwalimu wa usafi?"

Marit akawa mwekundu kuanzia shingoni. Lakini alikuwa na sifa moja ambayo si kila msomi anayo: akichekwa, anauliza. Akauliza mpaka akaelewa sheria zote za makombo kuliko baadhi ya wakwe wa pale. Mke anaweza kumalizia sahani ya mumewe. Mtoto anaweza kumalizia ya mama yake. Lakini mgeni hapewi makombo ya mtu yeyote. Mgeni hula kwanza, peke yake, mkekani pake, na mwenye nyumba hula mwisho, huko jikoni, kilichobaki sufuriani.

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa Hirakali tangu baridi hadi mvua. Akilishwa kwanza. Hakuwahi kumwona mwenyeji wake akitafuna.

Hirakali mwenyewe hakuanza kupokea wageni kwa sababu ya ukarimu peke yake. Shule ilipotafuta nyumba ya kumlaza mgeni wa kwanza, walimu walipita kijiji kizima wakitafuta choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, wakakipata kimoja. Mlango huo aliuchonga Lokendra, mume wa Hirakali, likizo yake ya mwisho kabla hajarudi Malaysia kulinda geti la kiwanda. Kwa hiyo heshima ya nyumba ile ilianzia kwenye komeo. Baadaye wageni wakafuatana. Alikuja Mkorea aliyelia kila alipopigiwa simu na mama yake. Akaja Mwaustralia aliyetangaza kwamba yeye hali wali, katika nchi ambayo watu wakikutana asubuhi huulizana kama wameshakula wali. Wote walirudi kwao wamenenepa, na Hirakali aliziangalia picha zao walizomtumia kama fundi cherehani anavyoangalia suti aliyoishona yeye.

Lakini ukitaka kumjua Hirakali, usimtazame jikoni. Mtazame kwenye matope.

Aliletwa pale bibi harusi kutoka ng'ambo ya mto, mwembamba, bangili zimemjaa mikononi, na wanawake wakasema huyu ni wa kuwekwa dirishani. Msimu ule wa kwanza wa mpunga walimweka katikati ya wapandaji wawili hodari, ili aaibike vizuri. Kabla ya jua kupanda sawasawa, wale wawili walikuwa wanahema, na yeye amewaacha nyuma, anaimba. Tangu siku hiyo ndiye anayeanzisha nyimbo za kupandikiza, na wenzake wanaitikia. Mstari wake wa miche ungeweza kuanikia nguo.

Mpunga kwetu haupandikizwi na mtu mmoja. Mvua za mwezi wa Asar zikianza, maji ya mfereji huzungushwa jaruba kwa jaruba, na wanawake wanazunguka nayo, leo kwako, kesho kwangu. Tunaita parma. Halipwi mtu. Kila nyumba inatoa mtu wake, na ikitoa mtu kwa wenzake, wenzake wote watakuja kwake. Isipotoa, itabaki na miche yake kitaluni mpaka izeeke, na shamba litapewa mwingine alime kwa nusu ya mavuno. Mwaka unaofuata, hakuna anayekumbuka kuiita. Nyumba nyingi zimepotea hivyo. Hazikuungua, hazikuuzwa. Hazikuitwa tu.

Nyumba ya Basnet haikuwahi kukosa kuitwa. Lokendra yuko mbali, binti yao Sarmila anasomea uuguzi Pokhara, lakini Hirakali yupo, na Hirakali mmoja alitosha.

Ndipo akaanguka kutoka kwenye mti wa malisho.

Ulikuwa mti anaoupanda kila siku kumkatia nyati majani. Mvua ya kwanza ilikuwa imelowesha gome. Alishuka haraka kuliko alivyopanga, akaangukia mkono wa kulia ukavunjika, na akarudi kutoka hospitali ya mjini na plasta toka vidoleni hadi kiwikoni, mkono umening'inizwa shingoni kwa shali. Daktari alisema asiugusishe maji mpaka mpunga wa watu uwe umefika magotini.

"Nimpigie Sarmila," Marit akasema.

"Ukimpigia, atapanda basi leoleo. Na ule mtihani wake utamfuata huku kwa miguu?"

Jioni Rambha akashuka kutoka nyumba ya juu. Yeye ndiye wanawake waliyemwachia kupanga zamu za parma, kwa sababu hasahau kitu, hasa kile ambacho ungependa akisahau.

"Wifi, umeamua kupumzika bila kuaga?"

"Niliona nishuke kwa njia ya mkato."

"Mkono wa kulia?"

"Hapana, huu ni wa kushoto, nimeuvalisha tu kwenda harusini. Kaa, unywe chai."

Rambha akakaa. Akanywa chai, akausifu utamu wake, akauliza habari za nyati. Hayo yote yalikuwa kuzunguka mbuyu, na Hirakali alijua.

"Sema, wifi."

"Keshokutwa tunaanza, na tunaanza kwangu. Nyumba yako inatoa nani?"

Hirakali akautazama mkono wake. Marit alikuwa upande wa pili wa baraza, kwenye mkeka wake wa ugeni, na sahani yake ya ugeni, wali umerundikwa kama kilima.

"Mimi siji na ubaya," Rambha akasema, sauti ikashuka kidogo. "Hii ni nyumba niliyozaliwa. Lakini mwaka huu, shamba la chini mpe jirani yako mzee Khadka alime kwa nusu. Mwakani mkono ukipona—"

"Mwakani mzee Khadka atakuwa ameusogeza mpaka wa shamba kwa kisigino, kidogokidogo, akijifanya anatafuta kiatu."

"Basi niambie unamtoa nani."

"Mimi," akasema Marit.

Wakamgeukia wote wawili kama watu waliosalimiwa na mbuzi.

"Kula wali wako," Hirakali akamwambia.

"Au nilipe vibarua. Pesa ninayo kidogo."

"Ukilipa, shamba litapandwa," Hirakali akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Lakini nyumba yangu itakuwa haijaenda kwa mtu. Na mtu hatakuwa amekuja kwangu. Unaona?"

"Basi niende mimi."

"Mgeni wangu aingie matopeni mbele ya kijiji? Watasema nilikuwa namnenepesha nimfunge jembe."

"Hata akija," Rambha akaingilia, "parma haipokei wageni. Inapokea mtu wa nyumba. Tukiruhusu hilo, kesho mwalimu mkuu atamleta mkaguzi wa wilaya apande kwa niaba ya mke wake." Akainuka, akakung'uta sketi. "Mimi sikuitunga sheria hii. Na wewe mrefu, umalize wali, wifi yangu kaupika kwa mkono mmoja."

Asubuhi ya kuanza kupandikiza, Hirakali alifungua mlango akamkuta Marit uani, amevaa sketi ya zamani ya Hirakali. Kwa Hirakali, ikimfika kifundoni, sketi ile ilikuwa sketi. Kwa Marit ilikuwa taarifa fupi. Miguu yake myeupe iliendelea kwenda chini kwa muda mrefu.

"Shule imefungwa," Marit akasema. "Watoto wote wako majarubani. Nitamfundisha nani kunawa?"

Hirakali alitaka kukasirika. Badala yake akacheka, na akicheka Hirakali, kesi imekwisha. Akatafuta kitambaa, akamfunga kichwani kwa mkono wa kushoto na meno.

"Kila mtu atakutazama."

"Mimi natazamwa kila siku, Mama."

Basi wakashuka, mmoja mfupi na plasta yake mbele, mwingine mrefu nyuma, kama nukta na mstari. Kwenye jaruba la Rambha wanawake walikuwa wameshakunja sketi. Walipomwona Marit, nyimbo zilikatika.

"Wifi," Rambha akaita kutoka kwenye maji, "si tuliongea?"

"Tuliongea. Sasa tunatembea. Kwani njia ni yako?"

Marit akaingia. Matope yakammeza mpaka magotini, na kwa watu wa kawaida hapo ni pajani. Wakampa fungu la miche. Akainama, akachomeka mche wa kwanza, akapiga hatua mbele, akachomeka wa pili, mbele tena. Alikuwa anachomeka vizuri kabisa. Kisha mguu wake, ambao ni mtumbwi, ukaukanyaga kila mche aliotoka kuupanda.

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika hadi kwa mzee Khadka.

"Jamani, anapanda na kuvuna palepale!"

"Mwacheni, ana haraka, basi la Norwe linaondoka!"

Hirakali alisimama kwenye tuta la jaruba, uso unamwaka. Watu walikuwa wanaicheka nyumba yake. Angeweza kumwita Marit atoke, wakarudi nyumbani, na mambo yangeishia hapo. Badala yake akaita kwa sauti aliyokuwa akiitumia kumwita Sarmila mdogo alipopanda mahali pasipopandwa:

"Kinyumenyume! Nani alikwambia mpunga unapandwa kwenda mbele? Rudi nyuma, wewe! Ukiona ulichokifanya kiko mbele ya macho yako, ndipo ujue umepanda!"

Marit akageuka. Akaanza kurudi nyuma. Miche ya mwanzo haikushika. Iliinuka majini moja baada ya nyingine, ikaelea kama watu waliokwenda kuoga. "Kwa kidole gumba!" Hirakali akaita. "Sukuma kwa gumba, huchomeki maua!" Na alipoona anapinda, akaanza kuimba. Alimwimbia mwendo. Wenzake wakaitikia kwa mazoea, na Marit hakuwa na ujanja ila kufuata: mstari wa wimbo, mche, mstari wa wimbo, mche, hatua nyuma. Jua lilipopanda, mistari yake ilikuwa bado ina ulevi kidogo, lakini miche ilikuwa imesimama. Haikuelea hata mmoja. Rambha alipita, akauvuta mmoja kwa makusudi. Haukutoka.

"Hm," akasema Rambha.

Mchana wakatoka, wakanawa mferejini, wakakaa kwenye tuta. Chakula cha siku ile ni kilekile kila mwaka, pepeta, yaani mpunga uliopondwa bapa, na mtindi mzito, katika sahani za majani yaliyoshonwa. Rambha, kama mwenye shamba, aligawa. Marit akatengewa wa kwanza, pembeni kidogo, penye kivuli, na mtindi mwingi kuliko wote.

Alipoitazama ile sahani ya heshima, akaelewa amekwama wapi: bado ni mgeni.

Naye Hirakali alipewa yake, akaiweka mapajani, akaiacha. "Sina njaa," akasema. Wote walijua ni uongo. Mkono wa kulia uko kwenye plasta, na hakuna mwanamke wa pale anayejiheshimu atakayekula kwa kushoto mbele ya watu. Nyumbani alikuwa anajifungia jikoni na kijiko.

"Siku yenyewe ilikuwa nzuri," Rambha akaanza, bila kumtazama mtu. "Na mrefu amejitahidi, nisiwe mwongo. Ila kesho zamu ni kwa Chameli, na Chameli atauliza: nyumba ya Basnet imetoa nani? Nimjibu nini? Kwamba walikuwa na mgeni akajisikia kucheza matope?"

Hirakali akainamisha kichwa.  Ilikuwa sheria aliyoilinda yeye mwenyewe miaka yote, na aliwahi kuitumia kwa wengine bila kupepesa jicho.

Marit akainuka. Aliiacha sahani yake ya mgeni palepale kivulini, akaenda mferejini, akanawa mikono kwa sabuni aliyoichomoa mfukoni, maana kazi ni kazi. Akaja akapiga magoti mbele ya Hirakali. Akachota pepeta na mtindi kwa vidole vyake vya kulia, akalifikisha tonge mdomoni pa Hirakali.

"Kula, Mama."

"Wewe! Watu wanatazama."

"Mimi natazamwa kila siku."

Hirakali akala. Tonge la kwanza lilipita kwa shida, la pili likapita vizuri, na baadaye njaa ya kweli ikajitokeza ikaona haina haja ya kujificha tena. Alikula mpaka akatikisa kichwa kwamba inatosha. Kwenye jani palikuwa pamebaki kidogo, pepeta zimelowa, alama za vidole, mtindi pembeni. Marit alizitazama zile pepeta. Hakukosea kwa kutojua, kama siku ile ya upawa. Alikaa chini kwenye matope, akaliweka jani mapajani pake, akamalizia makombo yote ya Hirakali kwa vidole vilevile, mpaka jani likabaki safi.

 Maji ya mfereji ndiyo yaliyokuwa yakiongea. Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa kitambaa.

Rambha alimtazama Marit kwa muda mrefu, na nadhani akamwona pia kaka yake aliye mbali, na nyumba alimozaliwa.

"Wewe mrefu. Unajua ulichofanya?"

"Najua."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe, Shangazi. Bombani."

Wanawake wakalipuka. Kicheko hiki hakikuwa kile cha asubuhi, hata nyati wangekitofautisha. Rambha alijaribu kununa, midomo ikamsaliti.

"Haya, nimeshikwa," akasema. "Kesho kwa Chameli. Nyumba ya Basnet imetoa binti wa nyumba. Na wewe binti, mwite mtu akushonee sketi, unatutia aibu ukoo mzima."

Hirakali aligeukia pembeni. Alikuwa anafuta uso kwa plasta, na plasta haifuti vizuri.

Marit alizunguka majaruba yote ya msimu ule. Aliungua mgongo, akabambuka kama kitunguu, akanyonywa na ruba, akampa kila ruba jina kabla ya kumtoa. Alikuwa wa mwisho kila siku, lakini alikuwa wa mwisho katika mstari, si nje ya mstari. Kila alipopigwa tope la uso alirudisha mawili.

Ikafika zamu ya shamba la chini. Hirakali aliamka mapema, akavaa bangili mpya na sari nyekundu, kama anakwenda kuolewa upya. Alishuka akakuta wamekuja wote. Rambha alikuwa mbele, amekunja sketi, ameshaingia majini. Hakuna nyumba iliyokosa. Mzee Khadka alipita juu akajifanya anatafuta kiatu, akaona mambo, akaendelea na safari. Hirakali akasimama kwenye tuta, kifua mbele, akaanzisha wimbo. Wakamwitikia wakirudi nyuma, na mbele ya macho yao shamba likageuka kijani, mstari kwa mstari. Mmoja tu ulipinda, na huo aliwakataza wasiuguse.

Jioni Lokendra akapiga simu.

"Shamba limepandwa?"

"Limepandwa."

"Na mkono huo? Kwa watu alikwenda nani?"

"Binti yako."

"Sarmila si ana mtihani?"

"Yule mwingine. Mrefu."

Lokendra akacheka huko Malaysia, akauliza kama ule mlango wa choo bado unafunga.

Jikoni, sufuria ya dengu ilikuwa inatokota. Siku hiyo Marit hakutandikiwa mkeka wa baraza. Alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, magoti yamefika masikioni, anakoroga. Harufu ya tangawizi ikampanda. Akachota kwa upawa, akaupeleka mdomoni, na macho yameshaanza kufumba kwa raha.

Kibao cha mkono wa kushoto kikatua begani.

"Mama! Si mimi ni binti sasa?"

"Sahani yangu, sawa. Sufuria ya watu, nitakuuza." Hirakali akamnyang'anya upawa, akamwekea tone la mchuzi kiganjani. "Onja hapo. Sarmila alijifunza hili kabla hajaota meno."

Huko nje nyati aliinua kichwa, akasubiri kidogo. Halafu akarudi kwenye majani yake.